Nyama ya Mgonjwa Ina Mwenyewe

Mwaka 1967 kijana mmoja wa Kenya, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa na uvimbe wa saratani jichoni. Kipande cha uvimbe huo kilifika Stockholm, ambako Eva Klein na wenzake walifaulu kuzikuza chembe zake katika maabara. Chembe hizo, ziitwazo Daudi, zingali hai hata leo; huuzwa kwa maabara za nchi nyingi, na dawa mpya za saratani ya damu hujaribiwa juu yake.

Hatusemi elimu hiyo izuiwe, kwani imeokoa maisha. Lakini tuulize bila kumung'unya maneno: mwenye nyama na nchi yake walipata fungu gani?

Mkazi wa Kiwalani anayekatwa uvimbe Muhimbili hana budi kuelezwa, kwa Kiswahili anachokielewa na kabla ya kutia sahihi, kipande hicho kitakwenda wapi na kwa kazi gani. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina madaraka juu ya vibali vya utafiti. Ndugu watumishi wanaoandika mikataba hiyo wasione haya kudai kwamba sampuli ikizaa dawa, Taifa nalo lipate haki yake.