MLIMA HAUPANDWI KWA PUPA: MAONI KUHUSU SAFARI WAKATI WA JANGA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Msomaji mpendwa, tahadhari kabla ya hatari. Methali hii tunaikariri darasani kila uchao, lakini Korona ilipobisha hodi hapa nchini tarehe 13 Machi 2020, ilibainika kwamba wengi wetu tuliijua kwa midomo tu. Leo nataka kuzungumzia jambo linalotugusa sana sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya, yaani safari za watalii na upandaji mlima wakati maradhi yameenea. Maoni yangu ni haya: janga likija, mlima usifungwe kabisa, wala usifunguliwe ovyo ovyo. Na huo usalama unaohubiriwa uanze na anayebeba mzigo, si anayelipa peke yake.

Wapo wasemao, "Funga mlima, funga mbuga, mambo yakiisha tutarudi." Ati ni rahisi! Jamani, si tulijionea wenyewe? Tarehe 25 Machi 2020 ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa, zikarudi tarehe 1 Agosti. Watalii waliozuru Kenya mwaka wa 2019 walipita milioni 2. Mwaka wa 2020 hawakufika laki 6. Hizo si tarakimu za vitabuni tu. Huku kwetu zilikuwa sufuria tupu. Mjomba wangu, ambaye ni mpagazi, aliuza mbuzi wawili halafu akaenda kuchimba viazi katika mashamba ya watu. Mimi nilikuwa darasa la sita, shule zimefungwa, nikimwona akirudi jioni na nusu debe badala ya mshahara.

Hata wanyama hawakusalimika. Kule Bwindi nchini Uganda, mnamo Juni 2020, wakati watalii walikuwa hawaji, gorila dume aliyeitwa Rafiki aliuawa na jangili. Sisemi kwamba kufungwa kwa utalii ndiko kulikomuua. Lakini mtu mwenye njaa anapokaa kando ya msitu usio na wageni, vishawishi huwa vingi.

Kwa upande wa pili, wapo wanaodai kwamba mlimani kuna hewa safi, kwa hivyo maradhi hayafiki huko. Hii nayo ni hadaa. Ni kweli kwamba njiani upepo ni tele na watu hutembea mbalimbali. Lakini je, mtu hufika kwenye lango la Sirimon kwa mabawa? La hasha! Hupanda gari lililojaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi na vumbi. Usiku hulala katika mabweni ya Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton's, mita 4,200. Mgeni huenda akapata kitanda chake, lakini wapagazi na wapishi hubanana katika chumba kimoja, wakiota moto mmoja. Hapo ndipo maradhi hugawana watu.

Aidha, mlima una ugonjwa wake wenyewe. Kilele cha Lenana kina urefu wa mita 4,985. Huko hewa ni nyepesi, na oksijeni anayopata mtu katika kila pumzi ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Mombasa. Kichwa huuma, tumbo huchafuka na usingizi hukataa. Hali ikizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na mtu akafa. Sasa nikuulize, msomaji: mtu akikohoa na kuhema usiku huko Shipton's, nani atajua kama ni Korona, mafua au ni ule ugonjwa wa mwinuko? Hakuna maabara huko. Jawabu ni moja tu: ateremshwe upesi, asindikizwe na watu wachache waliofunika pua na mdomo. Kungoja ati kwa sababu amelipia kilele ni kucheza na roho ya mtu.

Ninasema haya kwa sababu yametufika nyumbani. Mwaka wa 2021, safari ziliporejea polepole, mjomba alibeba mizigo ya kikundi ambacho mgeni mmoja alikuwa akikohoa tangu langoni. Kila mtu alimsikia, hakuna aliyesema. Mgeni hakutaka kupoteza pesa zake, mwenye kampuni hakutaka kuzirudisha, naye mjomba hakutaka kukosa kazi baada ya mwaka mzima wa ukame. Waliporudi, mjomba aliugua wiki mbili, na hakulipwa hata siku moja ya kulala kitandani. Nilipomwuliza kwa nini hakukataa, alinijibu, "Mpwa wangu, mwenye njaa hakatai mzigo."

Jibu hilo ndilo kiini cha hoja yangu. Tunaweza kubandika mabango ya kunawa mikono katika kila lango, lakini kusema ukweli kukiwa na hasara, watu wataficha kikohozi. Kwa hivyo napendekeza hivi. Kwanza, mgeni anayeugua kabla ya safari aruhusiwe kuiahirisha bila kupoteza pesa. Pili, mpagazi anayeugua kazini alipwe siku zake, na asinyimwe kazi inayofuata. Tatu, vikundi viwe vidogo, magari yafunguliwe madirisha, na wapagazi wapewe mahema ya kutosha. Nne, safari za haraka haraka zipigwe marufuku. Kulala usiku mmoja zaidi ili mwili uzoee kunapunguza hatari, na pia hurahisisha kumtambua mgonjwa mapema.

Kuna watakaosema kwamba gharama itapanda na wageni watakimbilia kwingine. Huenda wachache wakaenda. Lakini kule Bwindi, gorila walipofunguliwa tena kwa wageni mwaka wa 2020, watalii walitakiwa kuvaa barakoa na kukaa mita 10 kutoka kwa wanyama hao badala ya mita 7, na watu bado walienda. Ikiwa gorila alistahili kulindwa dhidi ya kikohozi cha mgeni, je, mjomba wangu?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba Korona si dharura ya kimataifa tena. Tulipumua. Lakini Julai 2024 ugonjwa wa Mpox uligunduliwa Taita Taveta, kwenye mpaka wetu na Tanzania. Maradhi hayapigi hodi mara moja tu. Wenye kampuni, wasimamizi wa mbuga na nyinyi wenzangu ambao kesho mtakuwa waongoza watalii, tuyapange haya sasa, mlima ukiwa umetulia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.