Mhitimu Afikishwe Kazini

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chini ya uenyekiti wa Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ilikutana Musoma na kutoka na azimio lililochukua jina la mji huo. Wengi wanalikumbuka kwa jambo moja: lengo la kumwandikisha kila mtoto shule ya msingi, ambalo lilikuwa lisubiri hadi 1989, lilisogezwa hadi 1977. Upande wake wa pili husemwa kidogo. Azimio la Musoma lilitaka masomo na kazi visitenganishwe, hata anayemaliza kidato cha sita apite kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, ndipo abishe hodi chuo kikuu. Mwaka uliofuata vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyochukua mfano wa Sweden, ili mtu mzima aliyekosa sekondari apate maarifa na ufundi karibu na kwao. Viwili kati ya vyuo hivyo viko katika eneo tunaloliandika kwenye toleo hili: kimoja Musoma, kingine Kisangwa, Bunda.

Toleo hili tumelitoa kwa watu wa Musoma, Bunda na Butiama wanaotafuta kazi, na kwa vyuo na vituo vinavyowafundisha. Hoja yetu ni moja. Chuo kinachomfundisha mtu ufundi, kikampa cheti na kumsindikiza hadi getini, kimefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumfikisha kwenye kazi yake ya kwanza.

Tunasema hivyo kwa sababu mahali pa kujifunzia papo. Musoma kuna chuo cha VETA, kuna SIDO, kuna chuo cha wananchi. Ada ya VETA, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa na 120,000 kwa wa bweni, ni nafuu, ingawa mzazi wa kijijini anajua kwamba sare, vifaa na nauli humaliza zaidi ya ada yenyewe. Kwa yule aliyejifunzia ufundi chini ya mwembe au kwenye gereji ya jirani, VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: anapimwa kwa vitendo, anaelekezwa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza 2016, imelipia wengi mafunzo ya namna hiyo pamoja na yale ya uanagenzi.

Sasa mtazame kijana aliyemaliza uchomeleaji akarudi kwao Kiabakari. Chuoni alikuwa na mashine ya kuchomea, grainda, miwani na meza ya kukatia vyuma. Nyumbani ana cheti ndani ya bahasha ya nailoni. Umeme upo, mashine haipo. Anasikia shule ya kata inajengwa, anakwenda, na fundi mkuu haulizi habari ya cheti. Anauliza, "Umeletwa na nani?" Hakuletwa na mtu. Anapewa koleo, anakuwa saidia fundi, anachanganya zege kwa ujira wa kutwa, na baada ya mwaka mmoja mkono wake umesahau kushika elektrodi. Mafunzo yaliyogharimu fedha ya umma na ng'ombe wa baba yake yamepotea hivyo, na hakuna ofisi iliyoandika popote kwamba yamepotea.

Swali la fundi mkuu lisidharauliwe. Kazi za mikono katika nchi yetu hupatikana kwa kujuana, na kujuana huko kuna sababu yake: mwenye nyumba anataka mtu wa kumuuliza paa likivuja. Ndiyo maana mtoto wa fundi hapati taabu. Mjomba wake mwenye gereji humshika mkono, humkopesha spana, humtambulisha kwa wateja, na akiharibu kazi mjomba hulipa. Kwa asiye na mjomba wa namna hiyo, chuo ndicho kiwe mjomba. Serikali inayo ofisi ya huduma za ajira, TaESA, inayowaunganisha watafuta kazi na waajiri, na kwa mhitimu mwenye shahada ni msaada wa kweli. Lakini fundi bomba wa Bunda hapati kazi kwa kutuma wasifu, anaipata mtu mwenye jina akisema, "Huyu namfahamu."

Hilo linawezekana, na mfano uko Musoma hapo hapo. Lake Victoria Disability Centre inawafundisha watu wenye ulemavu uchomeleaji, useremala na ushonaji, na karakana yake hutengeneza baiskeli za magurudumu matatu na vifaa vingine vya kuwasaidia watu kutembea. Angalia kilichofanyika hapo. Mwanafunzi hachomelei vyuma chakavu ili mwalimu atoe alama halafu vitupwe kwenye rundo nyuma ya darasa. Anachomelea fremu ambayo mtu fulani ataikalia na kwenda nayo sokoni, na ulehemu ukiachia, mtu huyo ataanguka. Anajifunza kipimo, anajifunza siku ya ahadi, anajifunza kuongea na mteja. Akimaliza, kuna watu mjini wanaojua kazi ya mkono wake. Hakuna cheti kinachoweza kumpa jambo hilo.

Na kwa watu wenye ulemavu sheria imekwisha kusema. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Viwanda, hoteli, hospitali na halmashauri zenyewe zinaguswa na sharti hilo. Maofisa kazi wakilikagua kama TRA inavyokagua risiti, vituo vya namna hii vitaombwa wahitimu badala ya kuomba nafasi.

Butiama kuna sura nyingine ya jambo hilo hilo. Hope for Girls and Women Tanzania, shirika linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama kwa wasichana waliokimbia ukeketaji. Msichana aliyeondoka kwa baba yake usiku hawezi kurudi kumwomba mtaji wa cherehani. Kwake ushonaji ndio mlo, ndio kodi ya chumba, ndiyo nguvu ya kukataa kuolewa kwa lazima. Vivyo hivyo kwa mama mdogo aliyekatishwa shule na mimba, ambaye mpango wa Elimu Haina Mwisho umemrudisha masomoni katika vyuo vya wananchi huku mtoto wake akilelewa hapo hapo chuoni. Tunaupongeza mpango huo bila kusita. Tunauliza tu: siku anayotoka na mtoto mgongoni, anakwenda kwenye kazi gani?

Kazi zipo, tena nyingine zinalipwa na serikali yenyewe. Madarasa, vyoo na zahanati zinajengwa kwa utaratibu wa force account: kamati ya shule au ya kijiji inanunua saruji na mabati, halafu inaingia mkataba wa ufundi na fundi wa eneo hilo. Madawati, milango na madirisha nayo yanachongwa na mtu. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi huo kwa ajili ya makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini tangu 2023 ununuzi wa umma umehamia kwenye mfumo wa NeST, na fundi naye anatakiwa asajiliwe humo. Anahitaji namba ya NIDA, TIN, na mtu wa kumwonyesha pa kubofya. Kijana anayejua kupaua nyumba ya vyumba vinne hushindwa hapo. Kwa nini asitoke chuoni akiwa amekwisha kusajiliwa, kama anavyotoka na cheti? Hata mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake, uliosimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, ungefaa kuanzia pale pale: wahitimu watano wa darasa moja waunde kikundi kabla hawajatawanyika, wakope mashine.

Ziwa Victoria nalo linadai mafundi wake. Ufugaji wa samaki kwenye vizimba unakua, boti za fiba zinaongezeka, dagaa wanahitaji makaushio bora kuliko mchanga. Ni nani mkoani Mara anayefundisha kutengeneza injini ya boti kwa wingi kama anavyofundisha ushonaji wa sare? Na Bunda, karibu na geti la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, kambi na hoteli hutafuta wapishi na mafundi wa majokofu. Chuo kinachopanga kozi bila kwenda kuwauliza wenye kazi kinawafundisha watu kwa kubahatisha.

Tunaloliomba ni dogo kwa gharama. Kila chuo na kila kituo katika wilaya hizi kifungue daftari la wahitimu: yuko wapi baada ya miezi sita, yuko wapi baada ya mwaka, nani alimpa kazi ya kwanza. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ili mzazi ayasome kabla hajalipa ada. Wakurugenzi wa halmashauri wadai daftari hilo kila wanapoombwa fedha za mafunzo. Nawe msomaji unayejenga mwaka huu Bweri, Bunda mjini au Butiama, kabla hujampigia simu fundi wa Mwanza, pita kwanza chuoni uulize nani amehitimu, umpe hata mlango mmoja autengeneze.