Orodha za msaada: majina ya watu yasiachiwe mashine kuyakata

Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, orodha ndiyo inayoamua nani apate unga, mafuta ao pesa za kwenye simu. Mara nyingi orodha hiyo inaanzia kwenye daftari la shefu wa kijiji ao wa avenue, halafu karani anaiingiza katika Excel. Hapo ndipo shida inapozaliwa: jina, postnom na prenom vinaandikwa pamoja ndani ya kisanduku kimoja.

Baadaye ofisi inataka kolone tatu. Karani anafungua «Données», anabofya «Convertir», anachagua kukata kwenye kila nafasi kati ya maneno, na kwa sekunde chache majina yote yamegawanyika. Kazi inaonekana imekwisha.

Lakini mashine haijui jina, inajua nafasi tu. Kambale Muhindo Jean de Dieu anatoka na kolone tano. Kavira Marie hana postnom, basi Marie anaangukia kwenye kolone ya postnom. Hata Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, aliyewalazimisha raia mwaka 1972 kuacha majina ya ubatizo ya Kizungu, angepewa kolone 8, ao 7 kama karani ameandika «waza» pamoja.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Kwa Wanande wa Beni na Butembo, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kambale peke yake hamtambulishi mtu; wamejaa kila kartie. Sasa ofisi inatafuta walioandikishwa mara mbili, inalinganisha kolone mbili za kwanza. Kambale Jean Pierre na Kambale Jean Bosco wote wanakuwa «Kambale Jean». Mmoja anafutwa, na siku ya kugawa anaambiwa hayumo, kumbe alijiandikisha kama wenzake. Sheria ya familia ya mwaka 1987 iko wazi: sehemu zote za jina, kwa mpangilio wake, ndizo zinazomtambulisha mtu. Anayefuta kolone ya nne na ya tano kwa sababu «zimezidi» amemfuta mtu.

Wako wanaosema siku hizi Excel ina akili: unaandika mfano mmoja ao miwili, unabonyeza Ctrl na E, inajaza yenyewe. Ni kweli, inasaidia. Ila inakisia, na haionyeshi ni wapi ilikisia. Kwa majina 30 mtu ataona kosa kwa macho. Kwa 3 000 hataliona.

Dawa iko mwanzoni. Kadi ya uchaguzi tayari inatenganisha jina, postnom na prenom. Anayeandikisha aweke kolone tatu tangu siku ya kwanza na kunakili kadi ilivyo. Asiye na postnom, kisanduku kibaki tupu. Kama orodha imeshachanganyika, kolone ya asili isiguswe, na matokeo yapelekwe mbali kuliani, kwenye kolone tupu, maana «Convertir» inaandika juu ya yale iliyokuta. Kisha mtu wa mahali hapo, mwalimu ao katekista anayejua majina ya watu wake, aisome orodha nzima mstari kwa mstari. Na alipwe siku yake. Mashirika yanapata pesa za magari, hayawezi kukosa za huyu.

Namba za simu nazo zina mtego wake. Zikiwa kisanduku kimoja na jina, wakati wa kukata Excel inazichukua kama hesabu na kumeza sifuri ya mbele: 099 inageuka 99. Kuizuia kunahitaji kuchagua «Texte» kwa kolone ile kwenye dirisha la mwisho, kabla ya «Terminer». Wengi wanaliruka dirisha hilo.