Mstari wa Mwisho Usifungwe Mapema

Mnamo tarehe 18 Februari, 1978, watu 15 waliingia baharini katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, kuanza shindano jipya. Mwanzilishi wake, John Collins, afisa wa Jeshi la Majini la Marekani, alitaka kukata ubishi uliokuwa umezagaa miongoni mwa wanamichezo wa kisiwa hicho: ni nani aliye imara zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Basi akayaunganisha yote matatu katika siku moja. Mshindani aogelee kilometa 3.8, aendeshe baiskeli kilometa 180, ambazo kwetu ni pungufu kidogo tu ya safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, na akishuka hapo akimbie marathoni nzima. Mchezo wa namna hii huitwa triatloni, na shindano lile likapewa jina la Ironman, yaani Mtu wa Chuma.

Watu 12 walimaliza. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani na wasaidizi wake wakamnywesha bia, jambo ambalo hatumshauri mtu yeyote aliige. Zawadi ya fedha haikuwapo, wala haikutolewa hadi mwaka 1986. Walikuwa watu wa ridhaa, wenye kazi zao.

Tunalizungumzia shindano hilo leo kwa sababu ya kanuni yake moja ambayo sisi katika michezo yetu tumeipuuza. Kwa miaka mingi washindani walianza saa moja asubuhi, na mstari wa mwisho ukaachwa wazi hadi saa sita za usiku: saa 17 kamili. Bingwa humaliza mchana jua likiwaka. Lakini saa haizimwi, taa huwashwa, maji hubaki mezani, na watu husimama kandokando ya njia kumngoja fundi, mwalimu au bibi mwenye wajukuu anayejikokota gizani. Imekuwa desturi hata kwa mabingwa wenyewe, wakiisha kuoga na kula, kurudi pale usiku kuwapokea wa mwisho.

Mwezi Februari, 1982, mashindano yakiwa yamekwisha hamishiwa Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Julie Moss alikuwa akiongoza wanawake wote. Hatua chache kabla ya mwisho miguu ikamkataa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita na kushinda. Moss akatambaa kwa mikono na magoti hadi akavuka mstari, sekunde 29 baadaye. Televisheni iliionyesha picha hiyo nchi nzima, na watu wengi ambao hawakuwahi kuusikia mchezo huu wakauingia kwa sababu ya aliyeshindwa.

Hatusemi kwamba kila mtu atambae. Mwili ulioishiwa maji na sukari una haki yake, na daktari akisema basi, ni basi. Ndiyo maana kanuni ya muda ni kali, na humkata mtu njiani pia. John Maclean wa Australia, aliyepooza baada ya kugongwa na lori mwaka 1988 akiwa juu ya baiskeli yake, alifika Kona mwaka 1995 akijisukuma kwa mikono. Muda wa sehemu ya baiskeli ulimpita. Hakuhurumiwa. Alirejea, na mwaka 1997 akamaliza ndani ya muda kama wengine.

Yuko pia mzee Hiromu Inada wa Japani, aliyejifunza kuogelea akiwa amekwisha staafu kazi, na kuingia katika triatloni akiwa na umri wa miaka 70. Mwaka 2015, akiwa na miaka 82, alianguka mbele ya mstari huko Kona, na alipouvuka muda ulikuwa umepita kwa sekunde zisizozidi kumi. Hakuandikwa kuwa amemaliza. Mwaka 2018, akiwa na miaka 85, alimaliza kwa saa 16 na dakika 53. Saa ile ile iliyomnyima ndiyo iliyompa, na kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba alipewa kwa huruma.

Wapo watakaotwambia kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha. Hoja hiyo ina ukweli. Baiskeli za huko ni ghali mno, na ada na nauli za Kona hazilipwi na mkulima. Lakini saa ya mkononi, ndoo ya maji na mtu mmoja wa kusubiri vinagharimu nini?

Tulipata kuhudhuria mbio za wananchi ambazo washindi watatu walipokwisha kupewa zawadi, mgeni rasmi aliagwa, na turubai likaanza kukunjwa. Baada ya nusu saa akatokea mama mmoja wa makamo, kiatu kimoja mkononi, mguu ukivuja damu. Kamba ya mwisho ilikuwa imekwisha tolewa. Akamuuliza kijana aliyekuwa akipakia viti, "Mwanangu, mwisho ni wapi?" Yule kijana akamwonyesha lori.

Na jambo hili linatuhusu zaidi ya wengine. Huko Mexico mwaka 1968, ndugu yetu John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni, akafika uwanjani usiku, saa moja na dakika tano nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Taifa linajivunia habari hiyo hadi leo. Twaijua kwa sababu palikuwa na mtu aliyebaki na saa. Muda wake umeandikwa: saa 3, dakika 25 na sekunde 27.

Tunawaomba waandaaji wa mbio za ridhaa katika mikoa yote watangaze mapema muda wa kufunga, wauheshimu kwa bingwa na kwa wa mwisho, na zawadi zitolewe baada ya muda huo kwisha. Jina la kila aliyemaliza lisomwe na liandikwe. Mgeni rasmi aliye na haraka atoe hotuba yake asubuhi, kabla ya mbio kuanza.