Vitabu Havina Haja ya Kufuli

Nina neno na wale wanaosema hatuwezi kuwa na maktaba kwa sababu hatuna rafu. Wengine wako ofisini, wengine wako kwenye mitaa yetu wenyewe, kwa hiyo kila mtu achukue sehemu yake.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Kakuma. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kuna katoni za vitabu zimekaa chini ya turubai tangu mvua za mwaka juzi. Ukiuliza unaambiwa kabati za chuma zimeagizwa. Zikifika zitakuwa na kufuli, kufuli itakuwa na ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo atakuwa kwenye mkutano Lodwar, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Sitabiri. Kabati ya kwanza ilishafika zamani, na nimeona watoto wakisoma migongo ya vitabu kupitia kioo, basi, wanaishia hapo.

Sasa tuzungumze mbao.

Nyuma ya nyumba ya fundi mmoja mzee kutoka Fizi kuna kivuli cha mabati, meza ya kazi, msumeno, randa na keke ya mkono. Hiyo ndiyo karakana. Vijana tunamwita Baba Fundi, na yeye ndiye alituonyesha kutengeneza kishikio cha vitabu kinachosogezwa. Ni kitu kidogo mno. Mbao mbili zinazosimama, na fito mbili zinazolala chini. Mbao ya kwanza imefungwa kabisa kwenye fito kwa gundi na misumari. Ya pili ina matundu mawili na inateleza juu ya fito hizo. Unapanga vitabu katikati, unaisogeza mpaka ivibane, unaachia. Vitabu vikiiegemea kwa juu inainama kidogo, matundu yanang'ata fito, na haiendi popote. Yaani uzito wa vitabu wenyewe ndio unaoikaza. Ukitaka kuongeza kitabu unainyoosha wima, inateleza tena. Vitabu 5 au 25, kishikio ni kile kile. Hakuna bolti, hakuna nati, hakuna cha kuagiza Nairobi.

Kwa wanaotaka kujaribu: fito ni mipini ya fagio, sentimita 60 hivi. Mbao inayoteleza iwe na unene wa sentimita 2 na kimo cha 15 mpaka 18. Ukiweka nene kama tofali haitainama, itateleza na vitabu vyote chini. Tundu lizidi unene wa fito kwa milimita 1 au 2. Likibana sana, siku ya mvua mbao inavimba na inagoma. Likiwa pana sana, mbao inalala kama mlevi. Mwisho wa fito piga kijiti cha kuziunganisha zisitanuke. Na fito usizipake vanishi! Vijana wanapenda kitu king'ae, lakini hapa tunataka mkwaruzo.

Mbao tunatoa kwenye paleti zilizobeba mizigo. Angalia muhuri. Ukiona HT, mbao ilipashwa moto kuua wadudu, chukua. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu, iache. Wengine wanauliza kwa nini hatutumii mathenge wakati umejaa kila kona. Mti huo uliletwa Kenya kuzuia jangwa, ukaenea mpaka watu wa Baringo wakaishitaki serikali kwa ajili yake. Mbao yake ni ngumu na nzuri, lakini shina limepinda, na kwa fito hutapata kipande kilichonyooka. Tena kwenda kukata miti nje ya kambi ni jambo la kuelewana kwanza na wenyeji wetu Waturkana. Paleti haigombanishi mtu.

Ndugu zangu wa mashirika, najua mnachosema: vitabu vitaibiwa. Ndiyo, vingine vitapotea. Kimoja au viwili vitaishia kufungia karanga sokoni, sitawadanganya. Lakini kitabu kilichofungiwa miaka miwili bila msomaji kimepotea vilevile, tofauti ni kwamba kwenye ripoti kinahesabiwa kipo. Mnasema pia mchwa. Mchwa hupanda kutoka ardhini. Weka miguu ya meza ndani ya makopo yenye oili chafu, kama mama zetu wanavyokinga unga na sukari na sisimizi. Halafu katoni iliyolala sakafuni ndiyo mlango wa mchwa, wala si meza. Vumbi? Kitabu kinachoshikwa kila siku hakikai na vumbi.

Lipo na jambo ambalo hamlisemi, nitalisema mimi. Katoni zikifunguliwa itaonekana kilichomo. Nimechungulia moja: kitabu cha kuendesha gari kwenye barafu. Kiingereza, tena sisi tuko Turkana. Vikikaa mezani, ndani ya wiki moja utajua watu wanachukua nini na wanaruka nini, na aliyetaka Kiswahili au Kifaransa atasema wazi. Mkiwa na kabati iliyofungwa hamtasikia lolote, na mwakani mtaletewa vile vile.

Na kila semina ni kujitegemea, kujitegemea. Sawa. Mbona tukishamaliza semina tenda ya rafu inakwenda mjini, na vijana tuliowafundisha msumeno tunawapa cheti na soda?

Sasa zamu yetu wakazi. Kambi hii ipo tangu 1992. Tumejijengea makanisa, misikiti, maduka, vibanda vya kuonyesha mpira. Mtu akifariki, jeneza linapatikana kesho yake, hatuandiki barua kwa mtu. Lakini ikifika kwenye vitabu tunakaa mkao wa kupokea, eti mradi bado haujaanza. Mzazi ana televisheni na betri ya sola, na vitabu vya shule vya mtoto viko kwenye gunia chini ya kitanda pamoja na viatu. Jamani! Kishikio kimoja juu ya meza, vitabu 10 vya shule na vya jirani vikikusanywa pamoja, na watoto wa mstari mzima wa nyumba wana pa kwenda jioni.

Tunachoomba ni katoni 2, si zote. Mtupe kwa miezi 3. Vishikio 14 viko tayari kwa Baba Fundi, na familia 14 zimekubali kuweka kimoja kila moja kwenye meza ya nje, chini ya kivuli. Tutakuwa na daftari: jina, kitabu, tarehe. Miezi 3 ikiisha njooni mhesabu, na kilichopotea tutakisema kimepotea. Kama ofisi inahitaji barua, nimeshaiandika, na imepita wiki ya 5 sasa iko mezani kwa mtu.