Besi Nayo Iimbe

Katika vikao vya muziki vya klabu yetu, gitaa limepewa kazi moja tu: kupiga kodi tatu mpaka wimbo uishe. Sisi tunaona haitoshi. Tunapendekeza wapiga gitaa wetu wajifunze kodi za mkwaju, waifanye besi ishuke.

Mkwaju ni alama ile ile tunayoijua darasani (/). Ukiona G/B, herufi ya kwanza ni kodi. Ya pili ni noti ya chini kabisa, inayopigwa kwa kidole gumba. Jaribuni mfuatano huu: C, G/B, Am, Am/G, F. Sasa fuateni besi peke yake: uzi wa tano, freti ya tatu, kisha ya pili, kisha uzi mtupu; halafu uzi wa sita, freti ya tatu, kisha ya kwanza. Noti tano, kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka.

Watakuwapo watakaosema huu ni ugeni, kwamba bibi zetu walihamia Oman na masikio ya taarabu, si ya gitaa. Kwetu hoja hiyo inatuunga mkono. Udi husindikiza sauti noti kwa noti. Haurundiki noti sita kwa pigo moja. Na katika taarabu ya Unguja, kama ile ya Culture Musical Club kilichoanzishwa mwaka 1958, besi ina njia yake chini ya fidla. Sikio lililolelewa hivyo hutafuta njia, na besi inayoshuka ni njia.

Lipo pia la lugha. Wengi wetu tumekua na Kiswahili cha nyumbani na Kiarabu cha shule. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na gitaa linalokimbia halimpi mwimbaji nafasi ya kuifikia. Noti ya besi ikiangukia silabi hiyo, mwimbaji hupata pa kuegemea, na neno husikika zima.

Basi muhula ujao tutenge nusu saa kabla ya kuimba. Mpiga gitaa na mwimbaji wakae pamoja, wakubaliane kila noti ya besi iangukie wapi. Kisha tuwaalike wazee wetu. Wakianza kuimba nasi bila kuombwa, tutajua tumefika.