Kushrabu Si Kukosa Akili

Wasee, hebu tuongee ukweli kuhusu hiki kicheko cha darasani. Komredi anasimama mbele kutoa prezentesheni. Amesoma, ana pointi, slaidi zimekaa poa. Kisha "rice" inatoka "lice", na ukumbi mzima unaanguka. Hakuna anayekumbuka pointi yake ya tatu. Wiki inayofuata ana swali kali, lakini analimeza.

Na sababu ya kushrabu ni rahisi tu. Kikuyu hakina sauti ya L. Kijaluo hakina SH, ndiyo maana "shule" inatoka "sule". Ulimi hufuata njia uliyozoea tangu utotoni. Haihusiani kabisa na venye mtu anaelewa uchumi ama fizikia.

Lakini angalia tunavyobagua. Mfaransa akisema "zis" badala ya "this", ataambiwa ako na lafudhi tamu. Msee wa Nairobi ambaye hajawahi kupanda ndege akitwenga Kimarekani, anaonekana mjanja. Lafudhi ya Murang'a ama Siaya ndiyo inaitwa ushamba. Kwa hivyo shida si matamshi. Shida ni nani anatamka.

Hii kitu ina mizizi. Katika Decolonising the Mind ya 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia venye watoto waliopatikana wakiongea Kikuyu shuleni enzi za ukoloni walichapwa ama kuvalishwa kibao shingoni. Siku hizi kibao hakuna, lakini kicheko kinafanya kazi ile ile: kinakufunza kuonea aibu nyumbani kwenu. Na hii ni nchi ambayo katiba yake ya 2010, Kifungu cha 7, inaiagiza serikali ilinde lugha za Wakenya.

Najua utaniambia waajiri wanataka Kiingereza kizuri. Sawa. Mtu afunzwe kuongea polepole na kupanga hoja. Lakini kueleweka ni kitu kimoja, kusikika kama Mzungu ni kingine.

Wahadhiri, kama somo ni uchumi, toeni alama za uchumi. Kama matamshi yana alama, semeni mapema ni ngapi na ni kwa nini. Na nyinyi makomredi, mtu akishrabu, muulizeni swali kuhusu alichosema.

Huyo mnayemcheka pengine anaongea lugha tatu. Wewe uko na ngapi?